Mama Mkwe Hataki Kuwa wa Saa Mbili

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi niamkie hukohuko uliko nitaitikia, naomba unisaidie kwa sababu nimeshawauliza watu wote wa mtaani na kila mtu ana lake, na wewe ukurasa wako siukosi, hata gazeti la zamani ninalofungiwa sabuni dukani nalikunjua kwanza nitafute kama umo ndani. Mwandiko wangu usiucheke, shule mimi niliiona kwa dirishani, lakini kwa kuongea sijapata mpinzani.

Mimi ni mama mtu mzima, mume wangu ni fundi wa majokofu, tuna watoto wawili wakubwa wanaokula kama wamekodishwa kula, na kazi yangu ni mhudumu wa wodi, ile wodi ya watu wasioweza kuamka. Nawaogesha, nawapiga mswaki, nawakata kucha, nawachana nywele, ndio maana wakaniita Mama Beseni, na jina lenyewe nalipenda, maana wapo wanaoitwa majina mabaya zaidi kwa kazi safi zaidi. Nakwambia ukweli kazi hii naipenda. Nakuja na mabeseni yangu mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, maji nayapima kwa kiwiko kwa sababu kiganja changu kimezoea moto kinadanganya, navuta pazia mpaka mwisho nisiache hata upenyo wa jicho moja, mtu namfunika shuka gubigubi halafu nafunua palepale tu ninapoosha, kama ni mkono ni mkono, nikimaliza naukausha naufunika nahamia mwingine, maji yakipoa nabadilisha, na kwenye mikunjo nakausha kwa kubonyezabonyeza taulo, sisugui, kwa sababu ngozi ya mtu aliyelala muda mrefu ni kama karatasi iliyolowa, ukiivuta imekwenda.

Na siingii mwilini mwa mtu bila hodi. Ndiyo, hodi kama ya mlangoni. Alitufundisha sista mkubwa wa zamani, mkali huyo, akipita hata mende wanajipanga mstari, alisema mtu akishalala kitandani mwili wake ndio nyumba pekee iliyobaki yake, ukiingia bila hodi wewe ni mwizi tu hata kama umekuja na sabuni. Basi mimi nasema hodi mkono, ananijibu karibu, hodi mgongo, karibu, na tukifika kule kwenyewe nasema hodi uani, hapo hata mzee aliyenuna tangu juzi anacheka, wengine wananijibu “wenyewe wamesafiri!” nami nasema haya, nitapita baadaye, nampa kitambaa ajifute mwenyewe huku nimegeuka ukutani nahesabu vigae. Kuna baba mmoja ulimi wake ulikufa kwa kiharusi, nikisema hodi ananyanyua kidole, kisiponyanyuka nasubiri. Siku nyingine nasubiri mpaka maji yanapoa, naenda kuchota mengine.

Sasa mtu ukishinda huko kutwa ukirudi nyumbani una habari, mshauri, utazipeleka wapi? Kwetu saa mbili usiku tuko mezani, redio inasoma habari, mume wangu akishasikia vichwa vya habari anaizima anasema “Haya, hao wamemaliza za kwao, na wewe tusomee zako,” na mimi nafungua. Nikianza hakuna anayekumbuka kutafuna. Majina sitaji, hilo kwangu ni mwiko! Nasema tu yule baba wa kitanda cha dirishani, yule mama mwenye duka la mbao. Kuna siku nilisimulia mwalimu wa kwaya nilivyomwogesha nikakuta (hapa nimekata mimi, Mshauri) watoto wakacheka mpaka mmoja akapaliwa, na jirani yetu aliyekuwa amekuja kuazima pasi akasema, “Kumbe yule anayekaa nyuma ya kituo cha mafuta!” Nikamwambia mimi jina sijataja, usinitie maneno mdomoni.

Nisikuchoshe, nakuja kwenye shida yangu. Shida ni mama mkwe.

Usifikiri ni wale mama wakwe wa kuhesabu nyama kwenye sufuria, hapana, huyu mama nampenda na yeye ananipenda, ananiita mwanangu. Alikuwa fundi cherehani, alishona sare za shule za karibu mji mzima, mpaka leo akiona pindo lako limelegea hawezi kula, anakwambia lete sindano. Nadhifu! Hata kitambaa chake cha kufutia jasho amekipiga pasi. Sasa aliteleza bafuni kwake, nyonga ikavunjika, hospitali nyingine wakamtia chuma, wakasema asikanyage mguu ule mpaka daktari aseme, akaletwa kwangu. Mimi nilifurahi, sikufichi. Nikamtengea chumba cha kando ya sebule, kitanda nikakisogeza mpaka karibu na mlango, yeye na meza yetu mlango kwa mlango, ili asikose mazungumzo.

Asubuhi ya kwanza nikasukuma mlango kwa kiwiko, beseni huku, beseni huku, nikasema, “Mama, leo umempata bingwa! Nitakung'arisha mpaka ujione sura kwenye kisigino!” nikashika shuka nifunue. Na yeye akalishika. Tukabaki tunalivuta kama watoto.

“Weka beseni hapo, mwanangu, utoke. Nitajifuta mwenyewe.”

“Mgongo utajifutaje, mama?”

“Mgongo hauna haraka.”

“Mama, mimi nimeogesha mji huu! Hakuna nisichokijua.”

“Ndiyo hivyo,” akasema. “Mimi sitaki kuwa wa saa mbili.”

Nikaelewa palepale. Wodini kwetu wale wasiojiweza kabisa huogeshwa saa mbili asubuhi kabla daktari hajapita, na sisi wahudumu tunawaita hivyohivyo, wa saa mbili, basi nikajua mama anaona haya kuwekwa kwenye kundi la wasiojiweza, mtu aliyesimama na cherehani yake maisha yote. Nikasema hilo dogo. Kesho yake nikaja saa nne. Akakataa. Nikaja mchana kweupe. Akakataa. Siku ya tatu nikabandua saa ya ukutani nikaingia nayo kwapani pamoja na beseni, nikamwambia, “Mama, tazama kwa macho yako, hii ni saa kumi, saa mbili hapa haipo hata kwa dawa!” Mshauri, yule mama alicheka mpaka kitanda kikalia, ameshika nyonga, “Usinichekeshe mwanangu, chuma kinaniuma,” na mimi nikacheka, maji yakamwagika, halafu akajifuta machozi akanishika mkono. “Wewe moyo wako mweupe kabisa,” akasema. “Ila husikii.”

Mimi nisisikie! Mimi ninayesikia kengele ya mgonjwa nikiwa jikoni na bomba limefunguliwa!

Na jambo jingine. Zamani akija kututembelea tulikuwa tunacheka naye mezani, ndiye aliyekuwa ananiambia “rudia hapo.” Sasa chakula kikiwekwa tu anaomba mlango wake ufungwe. Anasema upepo. Nimepita na mshumaa chumba kizima kutafuta huo upepo, mshumaa haukutikisika.

Jirani, yule wa pasi, ambayo mpaka leo hajairudisha, anasema ni haya ya ukwe, mkwe hawezi kumvulia nguo mkwe, niache. Mume wangu anasema, “Si ndiyo kazi yako? Mshike umwogeshe.” Nikamwambia mama yako si jokofu, huwezi kumfungua nyuma kwa bisibisi.

Jumapili akaja wifi yangu, yeye ni karani wa benki, anaongea na kila mtu kama umesahau kitambulisho. Akaingia kwa mama, akatoka amebana pua, akakaa mezani akasema, “Watu baki wanang'aa. Mama yetu ananuka. Hivi huko wodini wanakulipa kwa lipi?”

“Wifi, mama hataki kuogeshwa.”

“Hataki kuogeshwa na nani?”

Mume wangu akaweka kijiko chini. Wifi akasema wikendi ijayo anakuja na gari kumchukua, na wifi huyo anakaa ghorofani juu kabisa, anatoka asubuhi anarudi jioni, mama atashinda amefungiwa na redio kama maua ya plastiki. Nikataka kujibu, tukasikia sauti ya mama kutoka nyuma ya mlango, ndogo, “Bora niende.”

Jana nikitandika kitanda upande wa miguu nikaona kisigino chake kimekuwa chekundu, nikakibonyeza kwa kidole, wekundu haukuondoka, na juu zaidi (hapa nimekata tena mimi, Mshauri). Mimi hayo nayajua, nimeyaona kwa watu, yanaanza hivyohivyo kama kitu cha kuchezea, halafu ngozi inafunguka. Mikono yangu hii imezuia vidonda vya watu ambao hata siwajui, na mama yangu yuko nyumbani kwangu na siruhusiwi kumgusa.

Na sitaki aondoke, mshauri. Asubuhi kabla sijatoka tunakunywa chai wawili, nimekaa miguuni pake, tunasikiliza salamu za redioni tunabishana nani anamsalimia nani na kwa sababu gani. Amenishonea mfuko mpya wa aproni akiwa amelala chali. Nikiondoka ananiambia, “Nenda ukawaoshe wenzangu.” Wenzangu, anasema, halafu mimi mwenyewe ananifungia!

Sasa nifanyeje? Nimlazimishe, nimtafutie mtu baki, au nimwache aende huko ghorofani? Nijibu upesi, wikendi haiko mbali.

Wako anayewaosha wote isipokuwa wake,
Mama Beseni

Mshauri anajibu

Marahaba, Mama Beseni. Nimekuzidi, tena si kidogo, kwa hiyo kaa vizuri nikwambie.

Kwanza pole, na pili hongera. Niliposoma unavyopima maji kwa kiwiko na kumsubiri yule baba anyanyue kidole, nilijisemea, siku yangu ikifika naomba niangukie mikononi mwa huyu. Kisha nikasoma mambo yenu ya mezani, nikabadili nia.

Wasomaji wameona nimekata barua yako mahali pawili. Pa kwanza palikuwa na mwili wa mwalimu wa kwaya, na pa pili palikuwa na mwili wa mama mkwe wako. Uliandika vizuri, sikatai, ile ya kwanza ilinichekesha mpaka nikajionea haya mwenyewe. Lakini hebu fikiri. Mama wa watu analala ameng'ang'ania shuka ili mtu asijue kilichopo chini yake, na wewe ukiona kidogo tu upande wa miguu unakimbilia kukiandika gazetini. Utasema hukutaja jina. Najua, umenieleza kwamba hutaji majina, na jirani wa pasi naye alijua ni nani kabla hujameza tonge. Mimi nimebadilisha mfupa uliovunjika ili mama asijulikane, na hata hilo jina la Beseni ni langu, la kwako lilikuwa la chombo kingine. Usiniandikie kunisahihisha.

Sasa tuje kwenye saa mbili. Mama mkwe wako hajawahi kulala wodini kwenu. Hajui mnaogesha saa ngapi wala mnawaitaje wagonjwa. Saa mbili anayoijua yeye ni moja tu, ile ambayo mume wako anazima redio na kukwambia usome zako. Anaijua vizuri kwa sababu kitanda chake umekisogeza mwenyewe mlango kwa mlango na meza. Kila usiku amelala hapo anasikia mgongo wa fulani, tumbo la fulani, na watoto wanapaliwa kwa kicheko. Zamani alicheka na ninyi kwa sababu alikuwa na miguu miwili ya kusimama akaenda zake. Sasa yeye ndiye aliyelala. Alikwambia kwa Kiswahili chepesi kabisa kwamba hataki kusomwa kwenye taarifa ya habari, na wewe ukambandulia saa ya ukutani!

Si ajabu alicheka. Na si ajabu alisema husikii. Huo upepo uliokuwa unautafuta kwa mshumaa, mama, ni wewe.

Haya ya ukwe ipo, simbishii jirani yako, na irudishwe hiyo pasi. Lakini haya hiyo angeweza kuitaja na asingekosea, ni sababu ambayo kila mtu angeikubali. Hakuitaja. Amekupa sababu nyingine, tena ni ya kukusifu, maana inaonyesha hana tatizo na mikono yako. Anaogopa mdomo.

Na kuna jambo hukuliona ulipokuwa unaandika. Mgonjwa usiyemjua unampigia hodi mkono, hodi mgongo, mpaka hodi ya uani. Mama wa mume wako ulimsukumia mlango kwa kiwiko ukashika shuka. Hodi yako ilibaki wapi, kwenye kabati la wodini pamoja na sare? Yule sista mkali angekuona angewaambia mende wakusimange.

Basi, nimemaliza kugomba. Fanya hivi.

Kisigino hakingoji mimi wala wewe. Kabla hujakunja gazeti hili, weka mto laini chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee visiguse godoro, na usikisugue kile chekundu. Kisha leo hii mwite muuguzi aje aone hapo na kule kwingine nilikokata. Wekundu usioondoka ukibonyezwa ni kazi yake, na namna ya kumgeuza mtu mwenye chuma cha nyonga mwulize yeye au daktari, usibahatishe kwa uzoefu.

Muuguzi akishaondoka, ingia kwa mama mikono mitupu. Beseni liache nje. Piga hodi mlangoni, na akisema karibu, vuta kiti ukae, macho yenu yawe sawa. Mwambie, “Mama, nimesikia. Ya saa mbili nimeifunga, na hao wengine niliowasema nilikosea.” Usiongeze. Najua itakuwasha kuongeza. Akinyamaza, nyamaza naye kama unavyomsubiri yule baba wa kidole.

Kisha mwulize anataka aogeshwe na nani na wakati gani. Akikutaja wewe, mpe kitambaa chenye sabuni na umwachie kila anapopafikia mwenyewe, na uani kote ni kwake mpaka akukaribishe. Wewe omba mgongo, miguu, na kukausha mikunjo. Pazia, shuka, hodi, kila kitu cha wodini kihamie nyumbani. Akikwambia wenyewe wamesafiri, funika, kapike. Na akisema anataka mtu mwingine, muulize mmoja wa wenzako wa wodini kama yuko tayari kuja, mlete, wewe ubaki jikoni bila kununa. Atakuwa safi, na hilo ndilo ulilokuwa unalililia, au sivyo?

Mume wako mwambie hivi kutoka kwangu, mtu mzima mwenye akili zake akisema hapana, hashikwi. Akitaka kusaidia aiache redio iendelee mpaka mwisho, kuna habari nyingi za dunia baada ya vichwa vyake. Wewe sikufungi mdomo, nani awezaye? Simulia za sokoni, za kwenye foleni, za huyo jirani na pasi. Za mtu aliyekuvulia nguo kwa sababu hakuwa na jinsi, hizo acha hukohuko nyuma ya pazia, hata kama jina hulitaji, hata kama watoto watasema umezeeka.

Wifi yako usigombane naye. Ana ulimi mkali, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani kwenu, “Hataki kuogeshwa na nani?” Mwambie aje hiyo wikendi bila haraka ya gari, akae na mama wawili, amwulize anataka kuishi wapi. “Bora niende” aliyoisema nyuma ya mlango ni ya mtu aliyechoka kusikia anajadiliwa mezani. Akisema kwa mdomo wake, mchana, ameoga na amechana nywele, kwamba anataka ghorofani, mpakieni. Akisema anataka kubaki na chai na salamu za redioni, wifi akunje mikono ya blauzi umfundishe kushika shuka. Karani anaweza.

Halafu itakuja siku atakayokukaribisha. Atakuwa ameoga. Utakuwa umemfanyia kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya, na utakaa mezani ulimi unawasha kama umelamba pilipili. Redio itasoma habari, wote watakugeukia, na mume wako atasahau nilichomwambia, atauliza, “Haya, mama vipi leo?”

Wewe sema, “Ameoga.”

Kisha sema, “Nipitishie chumvi.”

Nyuma ya mlango kuna mtu anasikiliza, na usishangae kesho yake akiomba mlango huo uachwe wazi.